Jiwe Namba Thelathini na Moja

Kazi yake ilikuwa kupaka mawe chokaa. Aliifanya kwa miaka thelathini na miwili, na kwa kuwa mikono yake haikuwahi kutakata kabisa, watu walimwita Chokaa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili moja la ofisi ya hifadhi, na kwenye kumbukumbu ya dada yake, ambaye naye alikuwa ameacha kulitumia.

Mawe yenyewe yalikuwa ya mpaka. Msitu wa hifadhi uko juu, kijiji kiko chini, na kati yao kuna mstari ambao jicho la mtu haliwezi kuuona mpaka aoneshwe. Ndiyo maana kila kiangazi mstari ule hufyekwa, upana wa hatua tatu, na kila baada ya mwendo fulani imesimamishwa nguzo fupi ya zege inayomfika mtu magotini, nyeupe, yenye namba nyekundu kichwani. Ziko sitini na nne. Wenyeji waliziita mawe, na ofisi nayo ikazoea kuziita mawe. La kwanza liko nyuma ya geti la hifadhi. La mwisho linatazamana na machimbo ya kokoto, upande wa pili wa kilima, na kutoka moja hadi sitini na nne Chokaa alihitaji wiki saba.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alilikwangua jiwe kwa brashi ya waya, akaondoa ukungu na utando wa buibui. Kisha alipiga mkono wa kwanza wa chokaa, akakaa chini kuvuta pumzi, akapiga mkono wa pili. Kwenye chokaa alitia chumvi kidogo ili ishike, ujanja aliofundishwa na fundi mmoja wa kujenga visima. Mwisho alichukua brashi ndogo na kopo la rangi nyekundu, akaipitia namba pole pole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Aliandika vizuri. Wakubwa waliokuja kutoka makao makuu walipenda kupigwa picha karibu na mawe yake.

Kazi hiyo aliipata kwa mkono wa dada yake. Mama yao alikufa Chokaa akiwa na miaka minne, na dada, aliyemzidi miaka kumi na miwili, akaacha shule akaanza kuotesha miche ya mboga na kuiuza mlangoni. Kwa miche hiyo alimlisha, akamvisha, akamsomesha hadi alipogoma mwenyewe kusoma. Alipofika miaka ishirini na sita bado hana mbele wala nyuma, dada alimshika mkono akampeleka hadi ofisi ya hifadhi, akakaa naye kwenye benchi siku tatu mfululizo, mpaka bwana mkubwa wa wakati ule akauliza, "Huyu mama anataka nini?"

"Nataka mdogo wangu apewe panga," alijibu dada. "Mkimkataa, mnipe mimi."

Akapewa panga, na baada ya mwaka mmoja akapewa brashi.

Dada aliendelea na miche yake. Alikuwa na kitalu nyuma ya nyumba, vitanda sita vilivyofunikwa kwa majani makavu, na maji aliyatoa kwenye chemchemi iliyo pembeni mwa kilima, chini kidogo ya jiwe namba thelathini na moja. Kijiji kizima kilichota pale. Maji yanatoka katikati ya miamba miwili, mengi kwa unene wa kifundo cha mkono, na hata kiangazi kikiwa kikali hayapungui, kwa sababu juu yake kuna msitu ambao haujakatwa. Mto uko mbali, mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi na ndoo kichwani ni zaidi.

Miaka kumi na tisa kabla ya siku nitakayoieleza, mti mkubwa ulianguka wakati wa mvua ukalivunja jiwe namba thelathini na moja katikati. Chokaa akaambiwa amwage jingine. Alipewa mfuko wa saruji, kokoto, nondo nne na boksi la mbao, pamoja na mwenzake mmoja wa kumsaidia kubeba. Walivifikisha vitu hadi kwenye chemchemi, na hapo mwenzake akaketi chini, akashika kichwa, akasema homa imempanda. Akarudi nyumbani.

Chokaa akabaki na mzigo. Mahali pa jiwe la zamani palikuwa juu, hatua sitini na tatu za kupanda. Zege linataka maji, na maji yalikuwa chini. Alikuwa na ndoo moja tu, tena yenye tundu. Alifikiri kidogo, akaona kwa nini ajitese: atachanganya palepale kwenye tambarare iliyo chini ya chemchemi, amwage jiwe lake kwenye boksi, aliache likauke, kisha akiwa na watu wanne walipandishe kwa magogo. Ndivyo alivyofanya. Siku ya tatu alitoa boksi, akaliona jiwe limetoka zuri, limenyooka. Lakini lilikuwa limelala kwenye mteremko, juu kidogo ya njia ya akina mama, na alihofia lisije likabingirika likamvunja mtu mguu. Basi akachimba shimo dogo akalisimamisha humo, akalishindilia udongo. Kwa muda tu. Na kwa kuwa brashi alikuwa nayo, akalipaka, akaliandika namba.

Mvua ikanyesha siku sita. Siku ya saba akaja mpima ardhi.

Alikuwa mtu wa haraka, mwenye buti mpya na chombo cha miguu mitatu kilichofunikwa kwa koti la mvua lake mwenyewe, yeye akilowa. Ametumwa kupima mpaka wote upya, na amepewa wiki mbili. Chokaa alikuwa mshika fito. Walianza la kwanza, wakaenda hadi thelathini bila neno. Walipofika kwenye chemchemi, Chokaa alisimamisha fito juu ya jiwe lake jipya, akasema, "Bwana mpima, hili jiwe hapa..."

"Shika fito wima."

"Nimeshika. Nasema hili jiwe..."

"Mzee wangu, ukiongea fito inatikisika. Ikitikisika narudia. Nikirudia, mvua inanikuta. Nyamaza kwanza."

Chokaa akanyamaza. Mpima akachungulia, akaandika, akabeba miguu yake mitatu kwenda namba thelathini na mbili. Alikuwa na miaka thelathini hivi, na Chokaa arobaini. Jioni ile Chokaa alijiambia atamweleza kesho. Kesho yake mpima alikuwa na mafua na hasira. Kesho kutwa walikuwa mbali, karibu na machimbo. Baada ya wiki mbili mpima aliondoka, na baada ya miezi minane ikaja ramani mpya, imewekwa kwenye meza ya ofisi chini ya kioo, ikiwa na mihuri miwili. Katika ramani hiyo mstari ulishuka kutoka namba thelathini, ukaizunguka chemchemi kwa chini, ukapanda tena kwenda thelathini na mbili. Umekunjika kama kiwiko. Chemchemi ilikuwa ndani ya hifadhi.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alikwenda mpaka mlango wa ofisi. Ndani bwana mkubwa alikuwa anawaonesha wageni ramani, anapitisha kidole kwenye mstari, anasema kwamba sasa kila kitu kimekaa sawa. Chokaa alisubiri, kisha akaona wageni wanapewa chai, kisha akarudi ghalani. Hakuna aliyemtisha. Hakuna aliyemhonga. Alinyamaza siku moja, na siku ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuliko ya kwanza, na ya tatu zaidi ya hiyo.

Wanakijiji walilalamika, bila shaka. Walikwenda ofisini wakasema jiwe limetembea. Wakaoneshwa ramani. Wakasema ramani imelikuta jiwe limeshatembea. Wakachekwa, wakaambiwa jiwe halitembei. Baadaye ofisi ikaona iwatendee wema: ikatoa kadi za njano. Mwenye kadi aliruhusiwa kuchota Jumanne na Ijumaa, asubuhi hadi saa sita, askari wa hifadhi akiwepo. Siku nyingine, mtoni.

Miche haijui Jumanne. Mwaka wa kwanza wa kadi, dada alipoteza vitanda vinne kati ya sita. Alimwita mdogo wake, akamkalisha kwenye kigoda, akamuuliza akiwa amemkazia macho, "Wewe ndiye unayapaka. Jiwe lilikuwa pale?"

"Mimi napaka tu, dada," alisema Chokaa.

Jumatano moja, jua likiwa la kuchoma, dada alikwenda chemchemini na ndoo zake mbili za bati. Askari akamkuta. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimpeleka ofisini akamketisha barazani kuanzia saa nne hadi jioni, kwa maelezo kwamba mkubwa anakuja, na mkubwa hakuja. Ndoo zikawekwa ghalani. Chokaa alipita pale mara mbili akiwa na debe lake la chokaa. Mara ya pili alisimama.

"Dada, nitaongea nao."

"Ongea, Serikali," alisema dada.

Aliongea nao. Ndoo akapewa arudishe. Alipozifikisha, dada alikuwa kwenye kitalu ameinama, hakuinua kichwa. "Zirudishe zilikokuwa," alisema. "Nisije nikaambiwa nimeiba mali ya hifadhi." Kuanzia siku hiyo hakumwita tena kwa jina lake. Alimwita Serikali, mbele ya watu na wasipokuwepo. Vijana wa kijijini walidhani ni utani wa ndugu.

Ndoo zile zilikaa ghalani, juu ya rafu, zimefunikwa gunia. Chokaa hakuzitumia kuchanganyia kitu.

Ila kulikuwa na jambo alilolifanya kila mwaka bila kumwambia mtu. Akishamaliza kulipaka namba thelathini na moja pale chini, alipanda hatua sitini na tatu hadi kwenye kitako cha jiwe lililovunjika, ambacho kilikuwa kimezama kwenye udongo na majani, na kumwaga hapo chokaa yote iliyobaki kwenye debe. Kisha alisukumia udongo na majani juu yake kwa buti, akashuka. Ukimuuliza sababu asingekuwa nayo. Mwaka mmoja aliumwa mgongo, akapanda hivyo hivyo, akipumzika kila baada ya hatua kumi.

Maisha yake mengine yalikwenda kama ya watu wengi. Alioa, akapewa nyumba ya vyumba viwili kwenye kambi ya wafanyakazi, akapata binti mmoja ambaye aliolewa mbali na hupiga simu Jumapili. Mkewe alikufa kwa ugonjwa mfupi. Alipotimiza miaka ishirini na tano kazini alipewa saa ya ukutani yenye nembo ya hifadhi, na chini ya nembo neno moja: Uaminifu. Aliitundika mahali ambapo mtu aliyekaa kitandani haioni.

Akabakiza miezi kumi na moja astaafu. Ndipo alipokuja mhifadhi mpya, mkuu wa ofisi.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ndogo na tabia ya kusoma karatasi mpaka mwisho. Alikuja na mambo mawili mkononi. La kwanza lilikuwa agizo la makao makuu: vyanzo vyote vya maji vilivyo ndani ya hifadhi vifungwe, kadi za njano zikome mwisho wa mwaka. La pili lilikuwa sharti: kabla mpango huo haujatiwa sahihi, hifadhi na kijiji watembee mpaka pamoja, wakubaliane jiwe kwa jiwe. Wakubwa wa kabla yake walikuwa wakilitimiza sharti la namna hiyo kwa kumwita mwenyekiti ofisini na kumpa kalamu.

Yeye aliitisha mkutano kwenye darasa la shule, Jumamosi asubuhi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti isiyohitaji kipaza, alikataa dawati akasimama.

"Mama mhifadhi, sisi hatuna vita na msitu," alisema. "Vita yetu ni na jiwe moja. Lilitembea."

"Mwenyekiti, jiwe halina miguu."

"Basi lilibebwa na mwenye nayo."

Darasa likacheka. Mhifadhi naye alitabasamu, akaandika. "Ushahidi?" aliuliza.

"Ushahidi ni sisi. Wote hawa wamekunywa pale wakiwa wadogo."

"Kunywa mnaweza kunywa popote. Nataka kitu ninachoweza kukipeleka juu, wakakisoma, wakashindwa kunirudishia."

Kisha kutoka dawati la nyuma ikasikika sauti ya dada, sasa ana miaka sabini na moja, kavu na bila haraka.

"Muulizeni anayeyapaka."

Vichwa vikageuka. Chokaa alikuwa amesimama karibu na ubao, kofia mkononi.

"Mimi napaka tu," alisema.

"Ndiyo," alisema dada. "Anapaka tu."

Mhifadhi alimtazama Chokaa, kisha dada, kisha karatasi yake. Alisema watatembea Alhamisi, kuanzia namba ishirini na tano hadi thelathini na tano, na mzee atawaongoza. Kisipopatikana kitu, itafuatwa ramani, na chemchemi itafungwa kwa uzio.

Jumatatu alimwita ofisini. Alikuwa ameinamia ile meza ya kioo.

"Mzee, njoo uone. Mstari wote umenyooka kama uzi. Hapa tu umekunjika. Kwa nini?"

"Ndivyo ramani ilivyo, mama."

"Ramani ilichorwa na mtu." Alisubiri. Nje mtu alikuwa akifagia baraza, ufagio unakwaruza, unanyamaza, unakwaruza. "Sikulazimishi. Umebakiza miezi kumi na moja, na faili lako nimelisoma, halina doa. Nauliza tu."

Chokaa alitazama kiwiko kile kwenye ramani. Kutoka juu kilionekana kidogo, ukucha wa kidole kidogo ungekifunika. "Nikuletee chai?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Ahsante."

Alhamisi walikuwa watu ishirini na wawili. Mwenyekiti alitangulia akihema. Mhifadhi alishika kifaa kidogo cha kupimia mahali, askari mmoja alibeba jembe na panga, na dada alikuja na fimbo, akakataa kushikwa mkono na yeyote. Ishirini na tano, sawa. Ishirini na sita, sawa. Kwenye kila jiwe mhifadhi alisoma namba za kifaa chake, mwenyekiti akaitikia, wakaandika. Walifika thelathini na moja saa nne na nusu.

Jiwe lilikuwa jeupe kama jino. Chokaa alikuwa amelipaka mwezi uliopita. Juu yake maji yalitoka katikati ya miamba kwa sauti ile ile ndogo.

Mwenyekiti alieleza. Akina mama wawili walieleza. Mhifadhi aliweka kifaa juu ya jiwe, akasubiri, akasoma. "Kinakubaliana na ramani," alisema, na ilikuwa wazi kwamba hakufurahi. "Kuna mtu ana kitu kingine?"

Hakuna aliyekuwa nacho.

"Basi twende thelathini na mbili," alisema askari.

Watu wakaanza kujikusanya. Dada hakwenda. Alisogea hadi kwenye maji, akaegemeza fimbo kwenye mwamba, akainama taratibu, akakinga kiganja. Kilipojaa akakiinua kuelekea usoni.

"Bibi," alisema askari. Hakusema kwa ubaya, alikuwa amezoea. "Leo siyo siku."

"Nanawa uso."

"Hata uso, bibi. Tukianza na uso..."

Dada alimtazama. Kisha akashusha mkono, akafungua vidole juu ya maji, akayarudisha yalikotoka. Alijipangusa kiganja kwenye nguo, kwa makini, pande zote mbili, akachukua fimbo yake.

Chokaa alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Nipe jembe," alimwambia askari.

"La nini, mzee?"

"Nipe."

Akalichukua, akaanza kupanda. Hakusema mnifuate, lakini walimfuata, kwanza mhifadhi, kisha wengine. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, na aliyekuwa karibu naye alimsikia akifika sitini na tatu. Akasimama. Palikuwa mahali pasipo na chochote, majani makavu na mizizi. Akafagia majani kwa buti, akapiga jembe.

Udongo wa juu ulitoka mweusi. Chini yake ukatoka mweupe. Akachukua na panga la askari, akaukata ukuta wa shimo, ukanyooka kama mkate uliokatwa, na humo ukaonekana mstari mweupe, kisha mstari wa udongo, kisha mweupe tena, mmoja juu ya mwingine, mingine myembamba, mingine minene. Mhifadhi alipiga magoti, akaanza kuihesabu kwa ncha ya kalamu. Alipomaliza, jembe lilikuwa limegonga chuma. Kitako cha zege, kimevunjika juu, nondo nne zimechomoza zenye kutu.

"Kumi na tisa," alisema mhifadhi.

"Kumi na tisa," alisema Chokaa. "Kila mwaka nilimwaga iliyobaki. Hapa ndipo lilipokuwa. Lile la chini nililimwaga mimi, kwa sababu maji yalikuwa chini na mimi nilikuwa peke yangu. Nilitaka kulipandisha. Mpima akalikuta. Nilijaribu kusema, akaniambia ninyamaze, nikanyamaza."

"Siku ile," alisema mhifadhi.

"Siku ile, na zote zilizofuata. Hizo hakuniambia mtu."

Mama mmoja, aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni, akauliza, "Chokaa, umenipita njiani mara ngapi nikitoka mtoni? Nikiwa na mimba ya huyu. Ukanisalimia."

"Mara nyingi."

"Na ukaniambia pole."

"Nilikuambia pole."

Dada alikuwa wa mwisho kufika. Alilichungulia shimo kwa muda, akigusa mstari mmoja mweupe kwa ncha ya fimbo.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, dada."

"Siku ile barazani, ulipopita na debe. Ulijua."

"Nilijua."

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa kitu alichoagiza kitambo, kisha akageuka akaanza kushuka, akipima kila hatua kwa fimbo. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Mhifadhi alipima, akapiga picha, akaandika kurasa tatu palepale juu ya goti. Alimsomea Chokaa alichoandika, akampa kalamu. Chokaa alitia sahihi kwa mwandiko ule ule mzuri wa namba zake.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Amesimamishwa kazi mpaka muda wake wa kustaafu utakapofika, na nyumba airudishe. Aliyeileta alikuwa mhifadhi mwenyewe. "Niliandika kwamba bila wewe tusingejua," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Wakasema bila wewe kusingekuwa na la kujua."

"Wamesema kweli, mama," alijibu Chokaa, akamkaribisha kiti.

Nyumba aliikabidhi safi. Saa ya ukutani aliiacha kwenye msumari wake. Ghalani alichukua ndoo mbili za bati zilizofunikwa gunia, akaandika kwenye daftari la ghala kwamba amezichukua, na kwamba hazikuwa za hifadhi. Alisimama na mizigo yake nje ya uwanja wa dada yake, hajui abishe hodi au apite. Dada alikuwa anachagua mbegu kwenye ungo.

"Chumba cha miche kina nafasi," alisema bila kuinua macho. "Usikanyage vitanda."

Hakumwambia neno jingine siku hiyo, na kwa miezi iliyofuata alimwambia machache tu, yote ya kazi: ng'oa hiki, funika kile, siyo hivyo. Waliopita waliwaona wawili wale wazee wameinama kila mmoja kwenye kitanda chake, kimya.

Karatasi zilikwenda juu, zikarudishwa kwa sababu kulikosekana muhuri, zikaenda tena. Mwisho wa mwaka ulifika kabla hazijarudi. Mhifadhi hakujenga uzio. Aliandika kwamba nguzo za uzio hazijafika, na askari wake, ambaye alijua kwamba nguzo hazijaagizwa, akaendelea kukagua kadi za njano Jumanne na Ijumaa. Mwezi wa saba ikaja ramani yenye mihuri mitatu. Mstari ulikuwa umenyooka. Chemchemi ilikuwa ya kijiji, kwa masharti yaliyoandikwa kurasa nne: miti inayoizunguka isiguswe, mifugo isinyweshwe pale, nguo zisifuliwe pale, na kamati ya watu saba, wanne wa kijiji na watatu wa hifadhi, isimamie. Mwenyekiti alizisoma kwa sauti kwenye lile darasa, akibishana na kila ukurasa, kisha akatia sahihi.

Wanaume wanane walilipandisha jiwe kwa magogo na kamba, hatua sitini na tatu. Chokaa hakuitwa. Alizisikia sauti zao kutoka kitaluni, wakihesabu, wakitukana, wakicheka. Baadaye alisikia kwamba waliolisimamisha hawakutia chumvi kwenye chokaa. Itabanduka mvua ya kwanza, alifikiri, lakini hakusema.

Siku ya kwanza ya kuchota bila kadi ilikuwa Jumatano. Asubuhi, dada alisimama mlangoni mwa chumba cha miche.

"Serikali. Maji."

Chokaa akatoa ndoo mbili chini ya kitanda alicholalia. Dada alizitazama. Moja ilikuwa na kipande cha waya mahali pa mpini, waya aliouviringisha yeye mwenyewe miaka ile.

"Hizo zangu," alisema.

"Zako."

"Zioshe kwanza."

Kule chemchemini kulikuwa na foleni ya akina mama kumi na tano na ndoo zao za kila rangi. Walipomwona anakuja wakavuta ndoo zao karibu. Alisimama nyuma ya wa mwisho, mwanamume peke yake, ndoo za bati zikigongana magotini. Foleni ikasogea. Ilipobaki mmoja kabla yake, yule mama mwenye mtoto mgongoni akageuka, akanyoosha mkono, kiganja juu, uso umekazwa kama wa askari.

"Mzee, kadi yako iko wapi?"

Kicheko kikaanzia mbele kikafika nyuma, kikali, hakikuwa cha kumsamehe. Chokaa alijipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali, kama mtu anayetafuta kweli.

"Sina," alisema.

Mama yule alizitazama ndoo zake za bati. Kisha akasogea pembeni. "Chota," alisema. "Tunakujua."

Alibeba ndoo hadi kitaluni, akapumzika mara tatu njiani. Alipoinamisha ya kwanza juu ya kitanda, dada alimgonga kifundo kwa fimbo.

"Unaivunja miche. Tumia mkono."

Akachovya mkono, akayaacha maji yapite kati ya vidole, kidogo kidogo, mche mmoja baada ya mwingine. Mikunjo ya viganja vyake ilikuwa bado na weupe ndani yake. Dada alimsimamia mpaka ndoo zote mbili zikaisha.

"Kesho tena," alisema.

"Kesho Alhamisi," alisema Chokaa.

"Kesho tena."